Dola Nne na Nusu

Theluji ilikuwa imefika kizingiti cha dirisha la jikoni.
Mama alivaa miwani ya marehemu baba
kwa kuwa yake, alisema, haioni senti.

Bahasha ya kampuni ya gesi aliipasua kwa kisu cha siagi.
Ndani mlikuwa na bili, na karatasi ya pili, nyembamba,
imekunjwa mara tatu kama mtu anayeomba radhi:
*Tume imeidhinisha.*

"Soma," akaniambia. "Mimi nitaandika."

Nikasoma.
Januari ya mwaka jana, yuniti mia na arobaini.
Januari hii, mia na kumi.
Akatabasamu. Zile thelathini anazijua moja moja:
soksi mbili mbili tangu Novemba,
chumba cha Reino kilichofungwa, blanketi limezibwa chini ya mlango,
mkono wake ukutani, kwenye kidhibiti joto,
ukishusha kutoka sitini na nane hadi sitini na moja,
na kahawa, kahawa, kahawa.

"Bei ya gesi?"
Imeshuka. Senti sitini imekuwa hamsini na tano.
"Ahaa!"
Akaipigia mstari hiyo ahaa yake.

Nauli ya gesi, yaani kusafiri bombani mpaka kwetu:
ilikuwa senti ishirini na tano kila yuniti. Sasa hamsini.
Penseli ikasita.
Ada ya mwezi, utumie usitumie:
ilikuwa dola kumi na moja. Sasa kumi na tisa.

Akajumlisha. Akafuta.
Akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu
kama alivyokuwa akilisaka kosa katika daftari la duka la samaki.
Mwaka jana, mia moja na thelathini.
Sasa, mia moja thelathini na nne na nusu.

"Aune Lahtinen," akajiita kwa jina kamili,
jambo analolifanya akikasirika tu,
"umetetemeka miezi mitatu,
na mtetemo wenyewe umetozwa dola nne na nusu."

Nilikumbuka Septemba, chini ya maktaba,
viti vya kukunja, jaji wa tume na kikombe chake cha karatasi,
wakili wa kampuni akisema *mapato stahiki* kwa sauti ya daktari.
Kila mwananchi dakika tatu.
Mama alitumia moja.
"Nikizima kila kitu nikahamia kwa dada yangu, mtanidai?"
"Ada ya mwezi tu, bibi."
"Ya nini?"
"Ya bomba kuwepo."
"Kwa hiyo mimi nisipokuwepo, bomba lipo kwa niaba yangu."
Watu walicheka. Jaji aliandika kitu.
Njiani alisema: Toivo peke yake ndiye hadaiwi,
kule makaburini hawajafikisha bomba.

Nami sitasema ni wezi.
Kiangazi nililiona bomba walilofukua mtaani kwetu,
chuma kikuukuu kuliko mama, kimeliwa na kutu kama biskuti,
na mwanamume shimoni, matope hadi kiunoni,
akanifanyia ishara nizime sigara yangu.
Bomba jipya lazima lilipiwe.
Lakini kamba hukatikia pabovu,
na jumba lile la mlimani lenye bwawa la maji moto
linalipa ada ileile, kumi na tisa, kama sisi.

Mama aliandika hundi. Aliilamba stempu
ingawa stempu za siku hizi hazilambwi.
Kisha akainuka, akaenda ukutani,
nikasikia kidude kile kikilia: ti, ti, ti.
Sitini na tano. Sitini na nane. Sabini.

"Mama?"

"Mpigie simu Bi Hedvig wa ng'ambo ya barabara.
Mwambie aje na kadi zake. Avue koti mlangoni."

Chini, gizani, tanuru likakohoa mara moja
likashika.